Kucheka Msibani, Kuuza Barabarani: Mwandishi-Mchapishaji wa Kiswahili na Kunadi Riwaya ya Ucheshi wa Kifo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi waandishi wanaojichapishia riwaya kwa Kiswahili wanavyonadi vitabu vinavyokitaja kifo kwa sauti ya mzaha. Hoja yake ni kwamba kazi ya tangazo la kitabu cha namna hiyo haiishii katika kumvuta mnunuzi. Tangazo linapaswa kumpa ruhusa ya kucheka kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, nalo huweza kufanya hivyo pale tu linapozungumza kwa sauti ileile ya kitabu. Dhana ya ruhusa imechotwa katika utani wa misibani. Mifano inatoka katika kazi za Ben Mtobwa, Eric Shigongo na William Mkufya, ikilinganishwa na ya Jaroslav Hašek na Ngũgĩ wa Thiong'o. Kibosho, katika miteremko ya Kilimanjaro, imetumiwa kuwa mahali pa kuipimia hoja hiyo.

Tanzia mbili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, tanzia ni kazi inayoishia kwa anguko la mhusika mkuu. Katika kurasa za magazeti, tanzia ni tangazo la kifo lenye picha ya marehemu, majina ya wafiwa na ratiba ya mazishi. Wataalamu wameunda istilahi tanzia-ramsa kwa ajili ya kazi inayochanganya kilio na kicheko, na darasani istilahi hiyo inatosha. Mwandishi akiibandika kwenye bango la kutangaza riwaya yake mpya, mpita njia atauliza aliyefariki ni nani.

Mkanganyiko huu una gharama. Riwaya inayochekesha kwa maradhi, jeneza au kuzimu haina jina lililozoeleka sokoni, na muuzaji asiyejua kitabu ni cha aina gani hajui akipange pamoja na vya upelelezi, vya mapenzi au vya dini. Kampuni kubwa inaweza kuvumilia hali hiyo ikiwa vitabu vyake vingine vimeingia katika orodha ya vitabu teule vya shule. Mwandishi aliyelipa matbaa kwa fedha zake mwenyewe hana uvumilivu huo. Nakala zake huachwa kwa wauza magazeti kwa mali kauli: muuzaji hulipa baada ya kuuza, na asiyeuza hurudisha vitabu vilivyokwisha kupauka kwa jua. Kila wiki inayopita bila mnunuzi ni sehemu ya mtaji inayokufa, na hapo neno kufa halina sitiari kubwa.

Kwa kukosa jina bora zaidi, makala haya yanauita uandishi huu ucheshi wa kifo. Jina hilo halidai kwamba kifo kinachekesha. Linadai kwamba wako watu wanaoruhusiwa kuchekesha mbele yake, na kwamba ruhusa hiyo ina masharti.

Nafasi ya mtani

Jamii nyingi za Tanzania zina mtu anayeruhusiwa kufanya mzaha msibani, naye ni mtani. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944, na tangu wakati huo uhusiano huu umechunguzwa mara nyingi katika anthropolojia na fasihi simulizi. Mtani huiga mwendo wa marehemu, huvaa nguo zake, hudai deni ambalo hakuwahi kumkopesha, au huingia kaburini akalala humo na kukataa kutoka mpaka alipwe. Wafiwa hucheka machozi yakiwa bado hayajakauka. Maneno hayohayo yakitoka kinywani mwa jirani asiye mtani ni tusi, na yanaweza kuvunja ujirani wa miaka.

Kinachompa mtani ruhusa ni nafasi yake. Ubora wa mzaha wake huja baadaye. Waliohudhuria wanamjua kuwa ni mtani kabla hajatamka neno, na kwa hiyo wanajua namna ya kumsikiliza. Mwandishi wa riwaya hana nafasi hiyo. Anaingia nyumbani kwa watu asiowajua, bila kujua nani amezika juzi na nani anauguza. Jina la kitabu, jalada, kipande kilichotangulia gazetini, na sauti ya mtu anayekinadi ndivyo vitu vinavyoweza kumtambulisha kuwa ni mtani wala si jirani mkorofi. Inafaa pia kukumbuka kuwa mtani hutoza. Mzaha wake huishia kwa mkono ulionyooshwa, na hakuna anayeona ajabu. Katika utani, kudai fedha ni sehemu ya mchezo wenyewe, jambo ambalo wachapishaji wengi wangelitamani.

Jina la kitabu kama mnadi wa kwanza

Riwaya pendwa ya Kiswahili ilikitia kifo katika majalada yake tangu mapema. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka mwaka 1965, na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba mwaka 1974. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, uchumi ulipodorora na karatasi kuadimika, waandishi kadhaa wa Dar es Salaam walijichapishia wenyewe. John Simbamwene alikuwa na Jomssi, Hammie Rajab alikuwa na Busara. Hawakuwa na bajeti ya matangazo. Walichokuwa nacho ni jalada lenye rangi kali na maneno matatu au manne juu yake, yasomeke na mtu anayepita bila kusimama.

Ben Mtobwa, mwanzilishi wa kampuni ya Heko, ndiye aliyeyafanyia maneno hayo machache kazi ya kustaajabisha. Miongoni mwa majina ya vitabu vyake ni Salamu kutoka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu?, Malaika wa Shetani na Pesa Zako Zinanuka. Hizi ni riwaya za upelelezi na za maisha ya mjini; haidaiwi hapa kuwa ni za kuchekesha, na katika baadhi yake jina lina mzaha kuliko kitabu. Hata hivyo, kisarufi majina hayo yanafanya jambo ambalo majina ya waliomtangulia hayakulifanya. Simu ya Kifo ni kirai nomino kinachotaja jambo, hakimsemeshi mtu. Tutarudi na Roho Zetu? kina kiambishi nafsi tu- na alama ya kuuliza, na msomaji anajikuta ndani ya kundi lililo hatarini kabla hajatoa senti. Salamu kutoka Kuzimu kinaazima utanzu wa barua na wa vipindi vya salamu redioni, kisha kinabadilisha anwani ya mtumaji. Mzaha wote umo katika neno la mwisho.

Pesa Zako Zinanuka kinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kimilikishi -ako kinamlenga yeyote anayesoma jalada, yaani mteja. Kitenzi kilichochaguliwa ni kunuka, ambacho peke yake huelekea harufu mbaya, tofauti na kunukia. Kwa hiyo kitabu kinamwambia mnunuzi kwamba fedha alizoshika zinatoa uvundo, na wakati huohuo kinamwomba azitoe. Mtu anayetoa fedha hizo amekwisha kukubali kutaniwa. Mkataba ambao mtani huupata kwa nasaba, jina hili linaufunga papo hapo kibandani, kwa maneno matatu, na malipo yanapokelewa kama sehemu ya mzaha. Ni vigumu kupata mfano mwingine katika Kiswahili ambapo jina la kitabu linafanya kazi ya uuzaji kwa kumtukana mteja na mteja asikasirike.

Ilipoishia, endelea, itaendelea

Njia ya pili ni hadithi ya mfululizo gazetini. Eric Shigongo, mmiliki wa Global Publishers, ndiye aliyeifikisha mbali zaidi nchini Tanzania. Magazeti yake, yakiwemo Uwazi, Ijumaa na Amani, yalichapisha riwaya zake kipande kwa kipande, na baadaye zikatoka kama vitabu. Uta Reuster-Jahn aliueleza mfumo huu kwa kina katika Swahili Forum mwaka 2008, makala yake yakiambatana na mahojiano na mwandishi mwenyewe. Faida yake kwa mwandishi-mchapishaji ni dhahiri: gharama ya kuchapa inabebwa na gazeti ambalo lingenunuliwa hata hivyo, na kitabu kinapotoka tayari kina wasomaji wanaojua jina lake.

Lugha ya mfululizo ina fomula zake. Kipande hufunguliwa kwa Ilipoishia wiki iliyopita, kikafuatiwa na muhtasari, kisha Sasa endelea, na kufungwa kwa Itaendelea. Endelea ni amri ya umoja, ingawa gazeti linasomwa na maelfu. Kila msomaji anasemeshwa kama yuko peke yake na msimulizi. Wakati uleule Itaendelea ni ahadi isiyotaja nafsi ya mtu, kana kwamba hadithi inajiendesha. Katika riwaya yenye jina kama Siku za Mwisho za Uhai Wangu, fomula hizi zinapata mwangwi ambao huenda haukukusudiwa. Msimulizi anayehesabu siku zake za mwisho anaahidi, wiki hadi wiki, kwamba itaendelea.

Hapa ndipo pana tatizo ambalo waigaji wa mtindo huu hawalioni mapema. Mfululizo ulijengwa juu ya taharuki, na taharuki huvumilia wiki nzima. Hata hunenepa kwa kungoja. Mzaha hauvumilii. Mzaha kuhusu maiti ukikatwa kabla ya kilele chake unabaki kuwa maneno mabaya kuhusu maiti, na msomaji aliyefiwa katikati ya juma hana namna ya kujua kwamba wiki ijayo angecheka. Mwandishi wa ucheshi wa kifo anayetaka kutumia gazeti analazimika kukamilisha kicheko ndani ya kila kipande na kuiacha wazi hadithi peke yake: jeneza lifike njia panda, wabebaji wake wakiwa wamekwisha kuchekesha. Kiufundi hilo ni gumu kuliko kuandika sura ya riwaya.

Bango la Prague na glasi ya Nairobi

Mfano ulio karibu zaidi na mada hii unatoka nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1921 Jaroslav Hašek, mjini Prague, alianza kutoa riwaya yake kuhusu askari Švejk, kichekesho kikubwa juu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, katika vijitabu vidogo vilivyofuatana. Yeye na rafiki zake ndio waliokuwa wachapishaji na wasambazaji, na mabaa ya mji yakawa soko lao. Mabango yao yalitangaza kwa majivuno kwamba kitabu kinatoka wakati mmoja katika lugha za mataifa makubwa, jambo lililokuwa uongo mtupu. Aliyesoma bango na kutabasamu alikuwa amekwisha kumsikia Švejk mwenyewe, kwani mhusika huyo huwapoteza wakubwa wake kwa majigambo yaleyale yenye uso wa unyofu. Bango lilikuwa ukurasa wa kwanza wa riwaya uliobandikwa ukutani. Hašek alifariki Januari 1923 kabla ya kuimaliza kazi yake.

Ngũgĩ wa Thiong'o hakujichapishia. Caitaani Mũtharaba-inĩ ilitolewa na Heinemann mjini Nairobi mwaka 1980. Lakini namna ilivyoenea ina somo kwa mwandishi huru. Riwaya hiyo, iliyoandikwa gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni, ina kiini chenye ucheshi wa kutisha: karamu ambayo wezi wanashindana kujisifu kwa wizi wao. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, nakala 5,000 za kwanza zilifuatiwa na chapa nyingine mbili za ukubwa huohuo ndani ya mwaka. Watu waliisoma kwa sauti majumbani, kazini, ndani ya matatu na katika mabaa. Baani, msomaji alifika mahali patamu, akaitua glasi yake tupu mezani na kunyamaza, hadi wasikilizaji walipoijaza. Hiyo ndiyo Itaendelea ya baa, na pia ndiyo mkono ulionyooshwa wa mtani.

Usomaji wa namna hiyo unatatua tatizo la ruhusa kwa njia ambayo jalada haliwezi. Asiyejua kama anapaswa kucheka humtazama jirani yake. Kicheko cha kwanza kikitoka kwa mzee anayeheshimika, wengine wote wameruhusiwa. Tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ilitoka mwaka 1982, lakini tafsiri husafiri bila baa yake, na hilo ni jambo ambalo uhakiki wa tafsiri umelizungumzia kidogo mno.

Kibosho na msimu wa Desemba

Kibosho iko juu ya mji wa Moshi, katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Misheni ya Kikatoliki ilifunguliwa hapo mwaka 1893, na hadi leo maisha ya kila siku, pamoja na misiba, yanafungamana na parokia, kigango na jumuiya ndogondogo. Wafu huzikwa katika kihamba, ndani ya mgomba, mahali ambapo wazazi wao walizikwa. Aliyefia Dar es Salaam husafirishwa zaidi ya kilomita 500 kurudi huko. Safari ya jeneza, kamati ya mazishi, michango, na ndugu wanaokutana baada ya miaka mingi ili kumzika mtu ambaye hawakuwa wakimtembelea, ni malighafi ambayo mwandishi wa ucheshi wa kifo hahitaji kuibuni.

Kuiandika ni rahisi kuliko kuinadi. Mazishi yenyewe yanaongozwa na ibada, na kicheko hakina nafasi ndani yake. Kicheko huja baadaye, watu wanapokaa pamoja, mara nyingi kwenye mbege, na huja kwa Kikibosho. Kiswahili ndiyo lugha ya mahubiri, ya shule na ya tangazo la kifo. Tofauti hii ina uzito. Msamiati wa Kiswahili wa kifo umepangwa kwa daraja za heshima: fariki, aga dunia, tangulia mbele ya haki, na upande wa pili kata kamba na danja, maneno ya mitaani ambayo hakuna mchungaji wala padre atakayeyatamka kaburini. Ucheshi mwingi wa kifo katika Kiswahili unatokana na kuruka daraja hizo ghafla, marehemu akitangulia mbele ya haki mwanzoni mwa sentensi na kukata kamba mwishoni mwake. Kwa msomaji aliyezoea kucheka msiba kwa lugha ya mama na kuomboleza kwa Kiswahili, mruko huo unasikika kama kicheko ndani ya kanisa.

Suala la dini linaingia pia katika majina. Ziraili na Zirani ya William Mkufya, iliyotolewa na Hekima mwaka 1999, inauweka mgogoro wa imani na ukanamungu katika sura ya vita kati ya mbingu na kuzimu. Jina lake linambeba malaika mtoa roho kwa jina alilopata katika mapokeo ya Kiislamu. Msomaji wa pwani hulisikia kwa hofu aliyokua nayo. Msomaji wa Kibosho analijua kupitia Kiswahili tu, kama neno la hadithi, na kwa hiyo anaweza kulichezea bila kutetemeka, ilhali jina kama Malaika wa Shetani lingemgusa moja kwa moja. Mkufya hakuuza kitabu chake kwa mzaha wa jalada. Kimepata wasomaji wengi kupitia vyuo vikuu, hasa baada ya wahakiki kama Lutz Diegner kukijadili, mwaka 2005, sambamba na Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Uhakiki nao ni kunadi, hata kama majarida ya kitaaluma hayapendi kuitwa vibanda.

Kwa mwandishi huru anayewalenga Wachagga, kalenda inatoa nafasi ambayo hakuna mwezi mwingine unaoitoa. Kila Desemba maelfu hurudi nyumbani kwa Krismasi, na jambo hilo tayari ni mzaha wa taifa zima: husemwa Dar es Salaam imebaki tupu, na mabasi ya Moshi yamejaa kuku na majivuno. Basi ni saa nyingi za kukaa bila kazi, na vibanda vya stendi vinauza kwa watu walioshika fedha za sikukuu. Muhimu zaidi, ni msimu ambao Wachagga hutaniwa na wote na hujitania wenyewe. Ruhusa imekwisha kutolewa kabla mwandishi hajafika. Utani wa maneno kati ya Wachagga na Wapare, unaojulikana nchini kote, unaongeza kitu. Mwandishi Mpare anaweza kuandika juu ya maziko ya Kibosho, akajitaja waziwazi kwenye jalada kuwa ni mtani, na jina la kabila lake likafanya kazi ya maelezo yote ya nyuma ya kitabu. Mwandishi mzaliwa wa Kibosho hana njia hiyo. Atakachoweza ni kujifanya yeye mwenyewe marehemu, kama anavyofanya msimulizi anayehesabu siku zake za mwisho, ili mzaha uanzie kwake.

Simu ya mkononi imeleta soko jipya na mtego mpya. Vipande vya riwaya husambazwa leo katika makundi ya WhatsApp, na malipo hupokelewa kwa simu hiyohiyo. Lakini familia nyingi zinazotoka Kibosho zina kundi la pili, la michango ya misiba, na wanachama wake mara nyingi ni walewale. Kipande kinachochekesha katika kundi la waliosoma pamoja, kikitumwa kwa bahati mbaya katika kundi la pili dakika chache baada ya picha ya marehemu na namba ya mweka hazina, hakina tena jalada wala jina la kukitangulia. Msimamizi wa kundi humtoa mwandishi bila maelezo, na wanaomjua hupiga simu kumuuliza kama ana akili timamu. Baadhi yao huomba, kwa sauti ya chini, kipande kinachofuata.